Filamu ya Noeli Tuliyoitazama Buterere

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo sikuja na mawaidha, maana mimi si sheikh. Nimekuja na kisa kilichotokea nyumbani kwangu hapa Buterere. Nimekaa nacho muda nikijiuliza kama ni cha kuandika au ni cha kunyamazia, na mke wangu ndiye aliyesema, "Andika, maana si sisi peke yetu wenye watoto na televisheni."

Ilikuwa mwezi wa Desemba, watoto wako likizo. Wanaoijua Buterere wanajua hali yetu majira ya mvua. Barabara za ndani zinageuka tope, vyura wanalia usiku kucha, na upepo ukibadilika unatuletea harufu ya jalala la mji. Ndege zinazotua uwanja wa Bujumbura zinapita juu ya mabati yetu, na watoto wakichoka kuzihesabu hawana tena la kufanya. Mpwa wangu wa miaka 15 alikuwa amekuja kukaa nasi likizo nzima, na pamoja na wanangu watatu na mama yangu mzazi, nyumba ilijaa.

Tarehe 24 jioni, watoto wakaniomba filamu. Walitaka filamu ya Noeli, ya vichekesho, kama ile ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani na wazazi wake, ile Home Alone ya mwaka 1990 ambayo karibu kila mtoto wa mji huu ameiona. Najua wapo ndugu watakaouliza filamu ya Noeli inatafuta nini katika nyumba ya Kiislamu. Swali lao ni la haki. Jibu langu ni kwamba majirani zetu wa pande zote ni Wakristo, watoto wetu wanacheza na watoto wao, na nikaona kucheka kidogo na kisa cha mtoto mtundu hakuna dhara. Nikampa mpwa wangu hela na flashi, akaenda kwa kijana mmoja anayekopi filamu kwenye kompyuta, akarudi mbio kabla mvua haijaanza.

"Mjomba, nimepata ya Noeli kabisa," akaniambia. "Hata jina lake lina Noeli."

Jina lake ni Black Christmas. Mimi nilikuwa nimetoka kuswali Isha, nimekaa nyuma na kikombe cha chai na simu mkononi. Niliinua macho nikaona taa za rangi, mti uliopambwa na theluji inaanguka. Nikasema alhamdulillah, watoto wamepata walichotaka, nikarudi kwenye simu yangu. Ndugu msomaji, hapo ndipo kosa lilipofanyika, na kosa hilo ni langu. Si la mpwa wangu, wala si la kijana wa flashi.

Kwa kawaida filamu zinazouzwa mitaani kwetu huja na mtu wa kuzisimulia juu ya picha. Rwanda na hapa kwetu wapo wanaosimulia, Uganda wapo wengi, na Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, ambaye kanda zake zilipendwa sana. Hii haikuwa na msimulizi. Ilikuwa na sauti za Kifaransa tu, kwa hiyo mpwa wangu akachukua kazi ya kuwatafsiria wadogo zake, na akaongeza mzaha wake kila pahali. Niliwasikia wanacheka. Mzazi akisikia watoto wanacheka, anajua mambo ni salama. Kumbe sivyo.

Nilipoinua macho mara ya pili, msichana mmoja alikuwa amefunikwa uso kwa mfuko wa plastiki anachomwa, na watoto wangu walikuwa wanacheka kwa sababu mpwa wangu ameigiza sauti ya muuaji. Binti yangu mdogo, ana miaka sita, hakucheka. Alinigeukia akaniuliza, "Baba, kumbe Noeli ndiyo siku yao ya kuuana?"

Nikamwambia hapana mwanangu, ni uongo wa sinema tu. Nikamwambia aende kulala na bibi yake chumbani. Akaondoka. Na mimi, badala ya kuzima, nikabaki! Nilijidanganya kwamba nataka kuona inaishaje ili niweze kuwaeleza watoto. Ukweli ni kwamba nilinaswa kama wao.

Basi niwaeleze filamu yenyewe ilivyo, bila kuwachafulia nyoyo. Kuna nyumba ya wasichana wa chuo huko Marekani, usiku wa kuamkia Noeli, theluji imefunga njia. Zamani katika nyumba ile aliishi mtoto aliyeteswa na mama yake na kufungiwa darini, naye alipokua akaua. Sasa ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili anarudi nyumbani. Wasichana wanauawa mmoja mmoja mpaka unapoteza hesabu. Kuna mambo yanayofanyika na macho ya watu, na kuna sahani ya biskuti, ambayo sitaandika hapa.

Mimi nilitarajia kwamba, kama ni ya kutisha, basi itanitisha. Haikunitisha. Ilinichosha, kisha ikanihuzunisha, na kwa muda sikuelewa kwa nini. Wasichana wale sikuyashika hata majina yao. Mmoja akifa, wenzake wanaendelea kugombana kama kwamba ameenda dukani. Hakuna aliyelia kilio cha kweli wala aliyetamka neno la kumwombea maiti. Na kitu kimoja kikanishangaza zaidi: nyumba ile haina majirani. Watu wanapiga kelele usiku mzima na hakuna hata mlango mmoja unaofunguliwa.

Hapa Buterere mtu akipiga yowe, watu wanatoka. Wengine na tochi, wengine na panga la kulimia, wengine hawana kitu. Mtu akifariki, awe Muislamu au Mkristo, mikeka inatandikwa, kina mama wanaleta maji na kuni, wanaume wanalala nje mpaka azikwe. Kifo kwetu ni kazi ya mtaa mzima. Ndiyo maana filamu ile ilionekana kwangu kama imetungwa na mtu ambaye hajawahi kufiwa.

Filamu ilikuwa haijaisha umeme ulipokatika. Watoto wakapiga kelele, wakacheka, tukawasha tochi ya simu. Katika giza lile sikuona kwamba mpwa wangu ametoka kwa mlango wa nyuma. Akazunguka nyumba katika mvua, akachukua kijiko, akaanza kukwaruza dirisha la chumba cha wasichana, huku akinong'ona kwa sauti ya yule muuaji. Kisha akagonga mlango wa nje kwa nguvu, mara tatu.

Alitaka kuwatisha dada zake. Hakujua kwamba katika chumba kile alikuwemo mama yangu.

Nilimsikia mke wangu akiita. Nilipoingia na tochi, kitanda kilikuwa kitupu. Mama yangu, mwanamke wa miaka zaidi ya 70 ambaye siku hizi kuinuka kwenye mkeka ni lazima ashikwe mkono, alikuwa chini ya kitanda. Alikuwa amemvuta binti yangu pamoja naye, amemkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine amemziba mdomo ili asilie. Macho yake yalikuwa wazi na hayanioni. Nikamwita, "Mama, ni mimi." Akanijibu kwa sauti ndogo sana, "Nyamaza. Bado wapo."

Ndugu zangu, mimi mkono ule naujua. Uliwahi kuniziba mdomo mimi.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi yetu iliingia katika vita, na mitaa ya kaskazini ya Bujumbura iliteseka sana. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tulikuwa tunalala na viatu. Nakumbuka kwamba kugongwa kwa mlango usiku ndilo jambo tuliloliogopa kuliko risasi, maana risasi inaweza kupita, lakini anayegonga amekuja kwako. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na vita havikuisha siku hiyo. Sisi tuliobaki tukajenga upya, tukaoa, tukazaa, na hatukusema kitu. Tulidhani kunyamaza ni kuwahifadhi watoto.

Ilichukua muda kumtoa Mama chini ya kitanda. Mke wangu alimpa maji, akamsomea Ayatul Kursiy mpaka pumzi zake zikatulia. Mpwa wangu alisimama mlangoni, nguo zimelowa, kijiko bado mkononi, anatetemeka. Nilitaka kumpiga, wallahi nilitaka. Kisha nikajiuliza, nimpige kwa kosa gani? Nani aliyewahi kumwambia? Amezaliwa baada ya vita, amekua akiona damu kwenye kioo na watu wanacheka. Sisi wakubwa tulimnyima kisa cha kweli, akachukua cha uongo.

Yupo katika Hadithi mtu mmoja, imepokewa na Abu Daud, aliyekuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.) na Masahaba. Akalala usingizi. Wenzake wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, naye akashtuka kwa hofu. Mtume wetu (s.a.w.) akawafundisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Ilikuwa kamba tu, na ilikuwa mzaha wa marafiki. Nilikuwa naijua Hadithi hiyo tangu madrasa. Usiku ule ndipo nilipoielewa. Hofu ya mtu hujui imelala wapi, wala hujui ni kitu gani kitaiamsha.

Asubuhi ya tarehe 25, baada ya Alfajiri, mpwa wangu akaenda kupiga magoti mbele ya bibi yake. Akasema, "Bibi, nisamehe, sikujua." Mama akamshika kichwa, akamwambia, "Najua hukujua, mjukuu wangu. Kaa hapa." Akawaita watoto wote. Akawasimulia.

Hakusimulia mengi. Aliwaambia juu ya usiku mmoja mwaka 1995 ambapo watu walikuja kugonga nyumba za safu yetu moja baada ya nyingine. Watu walipiga yowe na hakuna aliyetoka, kwa sababu kila mmoja alikuwa chini ya kitanda chake. Hapo akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mlango mmoja ulifunguliwa. Mama mmoja jirani, Mkristo, alitufungulia mlango wake wa nyuma, akatuficha nyuma ya magunia ya mkaa siku tatu, na yeye mwenyewe ana watoto wanne ndani. Kila usiku alikaa karibu na mlango akisali kwa dini yake, na mama yangu nyuma ya mkaa akiomba kwa dini yake. Baadaye yule mama alikimbilia upande wa Uvira, na hatukumpata tena. Mama yangu bado anamuombea heri.

Halafu Mama akamgeukia binti yangu, ambaye sijui nani alimwambia swali lake la jana, akamwambia, "Uliuliza kama Noeli ni siku yao ya kuuana. Mimi niko hai kwa sababu ya Mkristo, na baba yako pia, na wewe pia. Vaa kanga yako twende tukawasalimie majirani."

Tukaenda, tope na yote. Mama akiwa katikati, ameshikwa na mpwa wangu. Hatukwenda kusali nao, maana kila mtu ana dini yake. Tulikwenda kuwatakia heri ya ujirani, kama wao wanavyokuja kwetu siku ya Idi kula pilau. Nchi hii Idi na Noeli zote ni sikukuu za mapumziko, na mtaani kwetu sahani zinavuka ua pande zote mbili. Tulipewa wali na mukeke wa kukaanga na Fanta. Nilimwona binti yangu anawaangalia wenyeji kwa makini mwanzoni, kisha akaingia kucheza. Swali lake lilikwisha hapo.

Baada ya siku kadhaa nikafuatilia habari za filamu ile, nijue ni kitu gani nimekiingiza nyumbani kwangu. Nilichokuta kilinifundisha. Filamu tuliyoitazama iliongozwa na Glen Morgan, ikatolewa Marekani tarehe 25 Desemba 2006, yaani siku ya Noeli yenyewe. Baadhi ya makundi ya Kikristo kule yaliilalamikia kwa sababu hiyo. Ilipewa daraja ambalo mtoto wa chini ya miaka 17 hawezi kuingia ukumbini bila mzazi au mlezi. Hapa kwetu inanunuliwa kwa hela ya mandazi, na hakuna anayeuliza umri.

Nikakuta pia kwamba ni marudio ya filamu nyingine ya jina hilo hilo, iliyotengenezwa Kanada mwaka 1974 na Bob Clark. Wanaozijua filamu hizo wanasema ile ya kwanza ilikuwa na damu kidogo, na muuaji hatambuliwi mpaka mwisho. Mtazamaji anabaki na hofu tu. Waliokuja kuirudia wakadhani wakieleza kila kitu na kumwaga damu zaidi wataongeza hofu. Walipata kinyume. Na huyo Bob Clark, mwaka 1983 alikuja kutengeneza A Christmas Story, filamu ya familia ambayo Wamarekani huitazama na watoto wao kila mwaka. Mtu mmoja, sikukuu moja, na kazi mbili zisizofanana.

Jambo lingine lililonigusa ni la mwaka 1984. Ilitolewa Marekani filamu iitwayo Silent Night, Deadly Night, ambayo ndani yake muuaji amevaa nguo za Baba Noeli na kushika shoka. Wazazi waliona matangazo yake kwenye televisheni wakati watoto wao wanatazama. Wakaandamana mbele ya kumbi za sinema, na baada ya muda mfupi kampuni ikaiondoa. Siwezi kusema waliumaliza mchezo huo, maana filamu za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa mpaka leo. Lakini nimewaheshimu wazazi wale. Wao waliinuka kwa ajili ya tangazo la sekunde chache. Mimi nilikuwa nimekaa chumba kimoja na filamu nzima, na chai mkononi.

Kwa hiyo ndugu zangu, nimewaletea tuliyokubaliana nyumbani kwangu, huenda yakamfaa mwingine.

Kwanza, hakuna flashi inayoingia kwenye televisheni bila mimi au mama yao kuangalia kilichomo. Si jina, maana jina linadanganya, na picha ya mti wenye taa inadanganya zaidi.

Pili, simu yangu inakaa juu ya kabati wakati watoto wanatazama. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya kundi lake. Mchungaji aliyeinamisha kichwa kwenye simu hana tofauti na asiyekuwepo.

Tatu, mzaha wa kutishana umekatazwa nyumbani kwetu, kwa mkubwa na mdogo.

Nne, na hili ndilo gumu, Alhamisi usiku baada ya chakula mama yangu anawasimulia watoto. Si kila mara habari za vita. Mara nyingine ni habari za Buyenzi ya zamani, za mapenzi yao na marehemu baba, za samaki walivyokuwa wakubwa. Lakini wakiuliza za vita anajibu, na mimi sitoki nje tena kama nilivyokuwa nikifanya. Qur'ani inatufundisha kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote, na kuiokoa moja ni kama kuwaokoa wote. Mtoto aliyeona watu kumi na zaidi wakifa kwa kicheko katika saa moja na nusu, atalielewaje neno hilo? Ataelewa kwa kumwona bibi yake, nafsi moja iliyookolewa, na kuhesabu ni watu wangapi wamekaa kwenye mkeka ule kwa sababu ya mlango mmoja uliofunguliwa.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai jioni, mtu akagonga. Nilimwona Mama anakaza vidole kwenye kikombe. Mpwa wangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akainuka kabla yangu, akamwambia, "Kaa Bibi, naenda kuangalia mimi." Akafungua, kisha akaita kwa sauti ya juu ili asikike mpaka ndani, "Ni jirani, Bibi! Amekuja kuomba chumvi!"

Mama akaendelea kunywa chai yake.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, macho yao na nyoyo zao, awape heri majirani waliotufungulia milango, na aidumishie nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.